Rambirambi ya Mvamizi

Nilipanda Lushoto nikiwa mfalme, nikashuka siku ya nne nikiwa mkimbizi. Hapo katikati hakuna aliyenigusa hata kwa kidole. Nilikuwa nimekaa jamvini, msibani kwa baba mkubwa wa mke wangu, nasubiri sinia la wali, na huku nyuma nchi yangu inabebwa.

Mchana mimi ni karani wa stoo, kazi yangu kuhesabu maboksi. Usiku, watoto wakilala, ni mfalme. Nina mabonde mawili, bandari, ngome yenye milango saba na jeshi la ngamia, ingawa ngamia wa kweli nimemwona mara moja tu, ufukweni, amechoka, anapigishwa picha na wageni. Ufalme huo uko kwenye grupu la simu ambamo watu tisini hivi tumejigawia dunia ya kubuni, kila mmoja na mhusika wake. Mwaka wetu ni 1400 na tunapigana kwa kuandikiana. Kuna na ramani, ambayo admini huipaka rangi upya kila Jumapili. Mimi nilikuwa kijani. Ukiitazama ramani ya sasa utadhani kijani haijawahi kuumbwa.

Nina miaka 46, kwa hiyo wengi wa wenzangu mle ni wa kunipa shikamoo. Na wananipa, hilo siwanyimi. "Shikamoo Mfalme, naomba kuvamia bandari yako." Nami najibu, "Marahaba mwanangu, karibu," tunaanza kuchinjana. Nilidhani adabu hiyo ndiyo sheria. Kumbe sheria iko kwenye ujumbe uliobandikwa juu kabisa ya grupu, vifungu 23, ambao niliukubali kama ninavyokubali masharti ya kila programu ninayopakua: kidole gumba kwenye simu, macho kwenye mpira.

Kifungu cha saba kinasema mwenye eneo asipojibu shambulio ndani ya saa 48, eneo ni la mshambuliaji. Mshambuliaji naye anapewa saa moja baada ya hapo aandike maneno 300 ya kuingia mjini, la sivyo jirani yeyote aweza kumtangulia.

Hakisemi "akishindwa". Kinasema "asipojibu". Mtu anaweza kuwa na kuta za mawe, askari elfu kumi na visima vya maji vya miaka mitatu, lakini kama yuko kwenye foleni ya kliniki, kashindwa vita.

Alhamisi ile alfajiri, stendi, niliandika kwenye grupu: ndugu wapendwa, nimefiwa ukweni, naelekea Lushoto, mtandao huko wa kubahatisha, tuombeane. Pole zikamiminika. Jirani yangu wa mashariki, rangi ya zambarau, kijana wa kidato cha tano aliyekuwa nyumbani likizo ya Desemba, akazidi kuonyesha utu. Tulipofika Mombo, pale magari yanapopumzika kabla ya kuanza kupanda mlima, simu ikatetemeka: shilingi 5,000 zimeingia, kwa jina la mwanamke nisiyemjua. Ujumbe ukafuata. "Pole sana Mzee. Ni mimi, nimetumia kwa simu ya mama." Machozi yalinilenga. Nikamgeukia abiria wa pembeni nikamwambia vijana wa siku hizi wanasemwa bure.

(Ile elfu tano, nakiri hapa kati yetu, haikufika kwenye daftari la msiba. Nilijiunga bando palepale Mombo. Bando lenyewe likaenda kuozea mlimani, maana kule kijijini mtandao unashika juu ya jiwe moja tu, na jiwe hilo msiba mzima lilikuwa na foleni.)

Alhamisi hiyohiyo, saa mbili usiku, mimi nikiwa nashusha magunia ya mchele kwenye gari la kukodi, kijana akashambulia. Jumamosi saa mbili usiku nchi ikawa yake. Jumapili admini akachovya brashi kwenye zambarau.

Niliporudi kwenye mtandao sikuamini. Nikamwandikia pembeni, kwa upole wa mzazi: "Mwanangu, si ulinitumia rambirambi?" Akajibu, "Ndiyo Mzee, na tena pole sana. Ila mambo ya grupu tuyaache kwenye grupu."

Basi nikakata rufaa. Na hoja nilikuwa nayo, tena nzito. Katika michezo yote ya kuigiza wahusika kuna kanuni moja ambayo hata mtoto mgeni anaijua: mhusika hatumii anayoyajua mchezaji. Mimi karani nikisoma kwenye grupu kwamba adui ameficha mishale kichakani, mfalme wangu hajui, lazima apite pale achomwe. Sasa yule kijana alijuaje kwamba sipo? Kwa msiba wa kweli, wa mtu wa kweli, aliyezikwa kwenye udongo wa kweli. Sultani wake wa mwaka 1400 hakuwa na njia ya kujua. Na ushahidi ninao, wenye tarehe, saa na kiasi: ujumbe wa elfu tano. Nikaupiga picha, nikauwasilisha kwa waamuzi watatu, wawili kati yao wakiwa wanalipa kodi kwa Sultani wa Zambarau. Kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Hukumu ilitoka usiku huohuo. Ushahidi umekataliwa, kwa sababu mwaka 1400 hapakuwa na simu.

Nikauliza, kama simu hazikuwapo, zile saa 48 mlizihesabu kwa nini, kwa kivuli cha mnazi? Wakaniuliza mfalme wangu alikuwa wapi wakati wa uvamizi. Nikasema naye alikuwa msibani. "Umeandika wapi?" Sikuandika, sikuwa na mtandao. Mwamuzi mkuu, ambaye nimeambiwa ana miaka 19 na anasomea uhasibu, akafunga kesi: "Kisichoandikwa hakikutokea, Mzee." Halafu wakanifunga mdomo saa 24 kwa kulidharau baraza.

Mtu aliyefungwa mdomo hufungua macho. Saa hizo 24 nilizitumia kuchungulia wenzetu wanaporaje huko nje. Kuna mchezo wa mataifa uitwao NationStates, ulioanzishwa mwaka 2002 na Max Barry, mwandishi wa riwaya wa Australia. Humo taifa lisipotembelewa na mwenyewe siku 28 ndipo linafutika. Siku 28! Na ukiwa na safari unaweka alama ya likizo, unaongezewa hadi 60. Siku 60 zinatosha kuzika, kusoma arobaini na kugombana kidogo juu ya mirathi, kisha urudi uikute nchi imetulia tuli. Kuna Tribal Wars ya kampuni moja ya Hamburg, ambayo kwenye baadhi ya seva zake nguvu za anayelinda huongezwa maradufu usiku, ili watu walale. Nilifurahi mpaka nilipokumbuka kuuliza ni usiku wa nani. Saa sita ya usiku ya Hamburg, wakati wa baridi yao, kwetu ni saa nane. Mpaka huruma yao ianze, mimi nimeshaporwa, nimeota ndoto mbili na nimeamka mara moja kwenda haja.

Lakini kisa kilichonikaa rohoni ni cha EVE Online, mchezo wa meli za angani uliotoka Iceland mwaka 2003. Humo watu humiliki nyota, na nyota ina ada. Januari 2014, kwenye eneo liitwalo B-R5RB, wenye eneo walijikuta ada haijalipwa. Kwa lugha ya nyumbani: Luku iliisha. Adui akaona taa zimezimika, akaingia. Vita vikaenda saa 21 hivi, wachezaji zaidi ya 7,000 wakajitosa, meli 75 za lile daraja kubwa kabisa zikateketea, na hasara ikakadiriwa kuwa zaidi ya dola 300,000 za kweli. Watu walikuwa wengi mno, hata mitambo ikaupunguza mwendo wa mchezo hadi asilimia 10. Watu wa ulimwengu mzima wakalishangaa hilo. Mimi sikushangaa, ndiyo kasi ya simu yangu siku zote.

Mwaka uliofuata wakabadili sheria: mwenye eneo akawa anachagua mwenyewe saa za siku ambazo mali yake inaweza kushambuliwa. Nililisoma hilo mara mbili. Kumbe inawezekana kumwambia mwizi, njoo kati ya saa moja na saa tano usiku, nitakuwa nimeshakula.

Maana suala la saa kwetu ni janga lake peke yake. Kifungu cha 11 kinasema mapigano ya pamoja huanza "saa 3 usiku kwa saa za seva". Mimi Mswahili nikasoma saa tatu, nikaingia baada ya taarifa ya habari, jeshi limejipanga, ngamia wamelishwa, kahawa mkononi. Kimya. Mshirika wangu aliyeko Minnesota alizisoma namba Kimarekani, akatega kengele kwenye saa tisa ya usiku, ya kwao. Admini alimaanisha 03:00 ya saa za dunia, ambayo kwa Dar ni saa kumi na mbili asubuhi, jogoo keshawika na mimi nimening'inia kwenye mlango wa daladala, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine haufiki mfukoni. Bonde la kwanza nilipoteza siku hiyo, maeneo ya Ubungo.

Kule msibani, kabla sijajua yaliyonipata, shemeji yangu alikuwa ananipigia soga. Ni mwalimu wa historia, na mwalimu wa historia kwenye jamvi hana kengele ya kumaliza kipindi. Akawa anaeleza mkutano wa Berlin, Novemba 1884 hadi Februari 1885, mataifa 14 mezani na Mwafrika hata wa kugawa chai hayumo. Akasema waliandika kwamba anayetwaa kipande kipya cha pwani ya Afrika lazima awajulishe wenzake, kisha aonyeshe kwamba yupo kweli, ana mamlaka pale. Wakati wanaandika, Carl Peters alikuwa ameshapita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami na makaratasi ya kuwekeana saini. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari. Tarehe 27 Kaisari Wilhelm wa Kwanza akatoa hati ya kuyalinda maeneo hayo. Sultani Barghash wa Zanzibar alipolalamika, Agosti zikaja meli za kivita za Kijerumani zikaelekeza mizinga kwenye jumba lake, na mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakakaa wakampimia ukanda wa pwani wa maili 10 kwenda bara, kama fundi anayepima kitambaa cha pazia.

"Na wenyewe wa Usagara?" nikauliza.

"Walikuwepo," akasema shemeji. "Wanalima, wanaoza mabinti. Ila hawakujibu ndani ya muda."

Nilicheka. Nilicheka sana, nikajipiga paja, na mida hiyohiyo, kwa hesabu nilizokuja kupiga baadaye, Sultani wa Zambarau alikuwa kwenye lango langu la nne.

Pembeni yetu wazee wawili walikuwa kwenye bao, mashimo 32, kete 64, mmoja anakaribia kuila nyumba ya mwenzake. Ukatangazwa muda wa kwenda makaburini. Wakanyanyuka wote wawili bila neno. Bao likabaki hivyohivyo na kete zake. Kuku akapita juu, mtoto akamfukuza. Tukaenda, tukazika, tukarudi, wakakaa wakaendelea na shimo lilelile, yule aliyekuwa anakaribia kuliwa akaliwa vizuri tu, akalaani, akaomba ugoro. Ningekuwa na admini wa namna hiyo leo ningekuwa bado kijani.

Sasa niwaambie la maneno 300, maana hilo ndilo linaniuma kuliko yote. Kupigana kwa maneno silioni geni mimi. Muyaka bin Haji na wenziwe wa Mombasa walirushiana mashairi na watu wa Lamu zama zile za vita vya Shela, karibu 1812, na hakuna aliyekaa pembeni kuhesabu mizani ili atoe alama. Shairi lilichoma au halikuchoma. Tena kule Shela maji yakakupwa, majahazi ya Mombasa na Pate yakabaki mchangani, na sijasikia Mombasa ilikata rufaa kwamba kupwa hakukuandikwa kwenye vifungu.

Kwetu kuna alama. Safari moja nililinda ngome yangu kwa sentensi mbili: "Tuliwafungia mlango. Wakarudi kwao." Mimi niliona imekamilika. Mlango umefungwa, wageni wamerudi, nini tena? Nikapewa tatu kwa kumi, sababu: "haina hisia". Kijana wa Zambarau alipoingia mjini kwangu aliandika maneno 800. Nimeyasoma yote, kwa uchungu. Hewa ilijaa harufu ya chuma na hatima. Mwezi ulishuhudia. Ukimya ulikuwa mzito kama ahadi. Ngamia wangu, ambao hawajamkosea mtu, walitazama "kwa macho yaliyojua". Nina hakika kama ninavyoijua idadi ya maboksi kwenye stoo yangu kwamba hayo yaliandikwa na programu ya akili bandia, kwa sababu mtoto huyohuyo akiniandikia mwenyewe huandika "shkm mz". Waamuzi wakampa tisa. Hiyo moja waliipunguza kwa sababu hakutaja hali ya upepo.

Basi nikatulia. Mkimbizi hana haraka. Nikapewa kibanda mpakani, rangi ya kijivu, nikawa nahesabu siku, na siku nilizokuwa nahesabu si za grupu. Ni za Wizara ya Elimu. Januari shule zikafunguliwa. Jumapili moja kijana akaaga: anarudi bweni, simu haziruhusiwi, tutaonana likizo, msiniguse jamani, akaweka na vicheko. Nikamjibu, "Nenda kasome mwanangu." Hakuna kifungu cha bweni. Nilishavisoma vyote 23, sasa hivi naweza kuvighani.

Jumatatu saa tatu kamili usiku, ya kwetu, nikashambulia.

Jumanne kimya. Jumatano mchana kimya, na tumbo langu likaanza kunisuta. Nikawa namwona yule mtoto yuko prepo, anakokotoa hesabu, hajui kwamba milango yote saba iko wazi. Kufika saa mbili na nusu usiku dhamiri ikanishinda. Nikaitafuta ile namba ya Mombo, nikatuma shilingi 5,000, nikaandika: "Mpe kijana ya sabuni. Mwambie Mzee anamtakia masomo mema." Roho ikawa nyeupe. Tukawa hatudaiani. Saa tatu na dakika moja nikaingia mjini kwangu na kuanza kuandika yale maneno 300, kwa mkono wangu, bila mwezi wowote wa kushuhudia. Ilibidi niwahi, maana jirani yangu wa kusini ni Mzanzibari aliyeko Muscat, ana waifai ya nyumba nzima isiyoisha na hajawahi kusinzia tangu nimfahamu, na saa ile alikuwa hewani.

Nimefika neno la 112, simu ikaita. Kidole kilikuwa kinaandika, kikapokea chenyewe, tena kikafungua spika. Sauti ya mama, tamu, ya mtu aliyefurahi kwelikweli, ikajaza sebule: "Asante sana baba, Mungu akuzidishie, yaani umetukumbuka!"

Mke wangu akapunguza runinga.

Mama wa watu akakata simu kwa baraka nyingi. Mke wangu akaniuliza, taratibu, huyo ninayemtumia hela usiku ni nani. Nikamwambia ukweli, kwa sababu ulikuwepo na ulikuwa mzuri: kuna kijana, mwezi uliopita alinitumia rambirambi kwa simu ya mama yake, mimi leo ninarudisha wema.

"Rambirambi ya msiba gani?"

"Wa baba mkubwa."

Akaniangalia. Hapo ndipo nilipokumbuka nani alikuwa mtunza daftari wa msiba ule. Akanyanyuka akaenda chumbani, akarudi nalo, lile la jalada gumu lenye kalamu imefungwa kwa uzi. Akavaa miwani. Akaanza ukurasa wa kwanza, kidole kinashuka mstari kwa mstari: elfu mbili ya muuza chipsi, ipo; kuku wa jirani, yupo; sukari kilo tano ya watu wa kikoba, ipo.

"Elfu tano," akasema. "Mwezi wa kumi na mbili. Umeandika wapi?"

Ilikuwa saa tatu na dakika 40. Akalamba kidole, akafungua ukurasa wa pili. Kwenye kioo cha simu, chini ya jina la yule jirani wa Muscat, pakatokea neno moja: anaandika...